Mzee wa Ntimaru Naye Atajwe Katika Tasnifu

Kuna wakati niliisoma tasnifu ya mwanafunzi mmoja mzaliwa wa Ntimaru, kule mpakani mwa Kenya na Tanzania. Alikuwa ametafiti nyimbo za Wakuria ziimbwazo kwa iritungu, ile ala yao ya nyuzi. Pambizo zilikuwa za upana uliotakiwa, na kila koma ya marejeleo ilikaa mahali pake. Aliyekosekana ni yule mzee aliyeziimba nyimbo hizo. Mahali pote aliitwa "mhojiwa" tu.

Nilipomwuliza sababu, mwanafunzi alinijibu kwa adabu: "Mwalimu, mwongozo unasema mahojiano hayaingii katika orodha."

Hakukosea sana. Mtindo wa APA, unaotumiwa katika vyuo vyetu vingi, ulianza mwaka 1929 kama makala ya kurasa saba iliyowaelekeza wanasaikolojia wa Marekani namna ya kuandaa makala za majarida. Mtindo huo huagiza kwamba mazungumzo ambayo msomaji hawezi kuyapata yatajwe ndani ya matini pekee. Mtindo wa MLA, uliotokana na wanalugha na wanafasihi, huruhusu mahojiano yaorodheshwe pamoja na vitabu. Ni dhahiri, basi, kwamba kanuni hizi ni makubaliano ya wanataaluma, si amri zilizoshuka kutoka mbinguni.

Wahenga wetu wa pwani walilitambua jambo hili. Muyaka bin Haji wa Mombasa hakuchapisha diwani yoyote uhaini mwake. Tungo zake nyingi zilihifadhiwa kwa juhudi za Mwalimu Sikujua, aliyemsaidia Mwingereza W. E. Taylor kuzikusanya katika karne ya 19. Kwa kuwa jina la Sikujua liliandikwa, hadi leo tunajua tumshukuru nani.

Isitoshe, kutaja jina nusu hakutoshi. Katika Ukuria akina Mwita na Chacha ni wengi mno. Anayeandika "Mwita, mahojiano" hajamtaja mtu. Na aandike jina kamili, kijiji, tarehe na lugha iliyotumika. Bila shaka, mhojiwa aulizwe kwanza, kwani kuna mambo ambayo msemaji hupenda jina lake lisitiriwe. Lakini fundi wa iritungu anayejivunia sanaa yake, kumficha ni kumdhulumu.

Dawa ipo. Mwanafunzi azirekodi nyimbo, na kwa idhini ya mwenyewe aiweke kanda katika maktaba ya chuo. Hapo msomaji ataweza kuisikiliza, na hata mtindo wa APA utakubali iingie katika orodha.

Walimu wenzangu, tuendelee kusahihisha koma, maana utaratibu ni sehemu ya usomi. Lakini kabla ya kutia sahihi, tuulize pia: mwenye maneno haya yuko wapi katika orodha hii? Mwanafunzi atapata shahada. Mzee wa Ntimaru hadai shahada; anastahili walau jina lake.