Mkonge wa Korogwe: Atakaye kushinda, ashinde shambani

JIONI katika Old Korogwe, mtu anayerudi na jembe begani husalimiwa kwa neno moja: "Umeshindaje?" Haulizwi kama amempita jirani yake. Anaulizwa mchana wake umekwendaje. Lakini neno ni lile lile. Kushinda ni kumpita mwenzako, na kushinda ni kukaa mahali mchana kutwa. Kwa mkulima wa mkonge, maana hizo mbili hazitengani.

Mkonge ni zao lisilojua haraka. Ukishaupanda, mkato wa kwanza huusubiri kwa miaka mitatu hivi, na mvua ikiwa haba au palizi ikilala, husubiri zaidi. Wengi huingia kwa sababu wamesikia bei imepanda. Miaka mitatu ni mirefu mno kwa mtu anayeishi kwa kutazama bei tu.

Historia ya zao lenyewe inatosha kumfundisha. Mwaka 1893, Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, Marekani. Iliyofika hai Pangani ni 62 tu. Kutokana na hiyo michache, kufikia mwaka 1964 nchi ilizalisha zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka na kuongoza duniani. Watu wakauita mkonge dhahabu ya kijani.

Kisha kamba za plastiki zikaingia sokoni na bei ikaporomoka. Mwaka 1967 mashamba mengi yakataifishwa, lakini uzalishaji uliendelea kushuka. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ulikuwa umebaki kama sehemu ya kumi ya ule wa enzi zake, na vichaka vilikuwa vimemeza mistari iliyokuwa safi.

Baadaye sehemu za mashamba makubwa ya Korogwe, kama Ngombezi, Magunga na Mwelya, zilianza kulimwa na wakulima wadogo, ambao leo wamo katika vyama vya ushirika vya msingi, AMCOS. Hivyo bei ikitikisika sasa, si kampuni peke yake inayoumia. Inaumia pia familia inayotegemea mkato ujao kulipa ada ya shule.

Chukua mfano wa wakulima wawili waliopanda msimu mmoja. Wa kwanza anataka kushinda tu. Kila akikutana na mtu huuliza bei. Mwaka wa pili akisikia imeshuka, anaacha palizi. Mwaka wa tatu akisikia imepanda, anaingia na kisu na kukata majani mpaka shina linabaki na kichwa kidogo juu.

Hapo ndipo hasara inapoanzia. Mkonge mmoja hutoa majani 200 hadi 250 katika maisha yake, kisha huota mlingoti na kufa. Majani hayo hayatoki kwa pupa. Wataalamu hushauri kila mkato uache majani yasiyopungua 20 au hivi, ili mmea upate nguvu ya kuchipua mengine. Ukikatwa kupita kiasi, yanayofuata huwa mafupi, na singa fupi huingia daraja la chini. Aliyetaka kumpita mwenzake mwaka huu amejipunguzia mikato ya mbele.

Wa pili naye anataka kushinda. Ana ada ile ile ya kulipa. Tofauti ni kwamba anayo mambo ya kumfurahisha kabla ya siku ya malipo. Miaka ya mwanzo hupanda mahindi au maharage katika nafasi iliyo kati ya mistari, hivyo anakula huku akisubiri. Hukagua miche iliyokufa na kuziba mapengo. Ana daftari: siku ya palizi, idadi ya vibarua, fedha iliyotoka. Akitaka kushindana, hushindanisha mstari wa mwaka huu na ule wa mwaka jana.

Hata hivyo, kufurahia kazi si kufumba macho mbele ya hesabu. Katika kila kilo 100 za majani, singa kavu ni kilo nne hivi tu. Zilizobaki ni maji na makapi, lakini zote hulipiwa usafiri. Majani yakishakatwa hayapaswi kukaa siku nyingi, kwani singa hubadilika rangi na ubora kushuka. Kwa hiyo mkulima makini huulizia kwanza zamu yake kwenye korona, kisha ndipo huwaita wakataji. Huhudhuria pia mkutano wa chama, maana makato na malipo hujadiliwa huko.

Mfanyabiashara mdogo naye anajua jambo hili. Muuza machungwa kwenye barabara kuu ya Korogwe hawezi kuamua basi gani lisimame. Anachoweza ni kuchagua machungwa mazuri, kuyapanga vizuri na kuwahi kufika.

Bei ya mkonge huamuliwa mbali, na itapanda na kushuka tena. Palizi, nafasi, idadi ya majani yanayoachwa na daftari huamuliwa hapa hapa. Mkulima aliyejifunza kuyapenda hayo manne ndiye ambaye bei nzuri ikija itamkuta bado ana shamba, na jioni akiulizwa ameshindaje, atakuwa na jibu hata katika mwaka usio na mkato.