Alianguka, akaamuka, akasema: «Niko muzuri»



Jioni moja walikuja kuniita mbio: kijana wa kwaya ameanguka na pikipiki kwenye barabara ya malori ya machimbo. Nilipofika nilimukuta amekaa chini, damu kidogo tu juu ya sikio. Wenzake walikuwa wakimuchekesha. Yeye mwenyewe alisema: «Pasta, niko muzuri, ni kichwa tu inauma kidogo.» Nikamushukuru Mungu, nikasema apelekwe kwao alale. Mama yake akamupa kinini cha maumivu. Usiku alitapika, kisha akaanza kukoroma sana, wakafikiri ni uchovu. Asubuhi hakuamuka tena.

Lile neno langu, «alale», linanisumbua mpaka leo.

Nilikwenda kuuliza waganga. Wakanieleza hivi: pembeni ya kichwa, juu ya sikio, mufupa ni mwembamba, na mushipa wa damu unapita chini yake. Mufupa ukipasuka, mushipa unaweza kukatika, damu inajaa pole pole kati ya mufupa na ubongo. Kichwa ni kama sufuria iliyofungwa kabisa. Damu haina pa kutokea, basi inakandamiza ubongo. Kwa saa moja, ao saa nyingi, mutu anaweza kusema na kucheka. Kisha anaanguka ghafula. Na jambo la kuumiza roho ni hili: munganga wa operesheni akitoboa mufupa mapema na kutoa ile damu, wengi wanapona.

Kwa hiyo aliyepigwa kichwa na kuzimia, hata kidogo, apelekwe siku ile ile. Na yule anayetapika tena na tena, anayesema ovyo, anayeshikwa na kifafa, ambaye mboni ya jicho moja imekuwa kubwa kuliko ya pili, mukono umelegea, ao maji yanatoka sikioni, huyo hangojei mapambazuko. Afazali kuamusha mwenye gari usiku.

Pale pale alipoanguka tunakosa sana. Tunamunyanyua kwa mikono na miguu kama gunia la makala, tunamubana katikati ya watu wawili juu ya pikipiki. Na shingo je? Pengine imevunjika. Mutu mumoja ashike kichwa kisitikisike, wengine wamugeuze pamoja naye, mwili wote kwa mara moja, alale kwa ubavu ili matapishi yasimuzibe pumzi. Mumulaze juu ya mulango ao ubao. Kama ni ndani ya shimo la machimbo, angalieni kwanza kama udongo haujaanguka tena juu yenu. Musimunyweshe maji, musitie kijiko mudomoni. Na mukumbuke saa aliyoanguka. Hata kuiandika kwenye mukono wake ni vema.

Kwa nini saa? Katika uchunguzi mukubwa uliotangazwa mwaka 2019, wagonjwa zaidi ya 12,000, dawa ya kuzuia damu inayoitwa asidi traneksamiki ilisaidia wale ambao hawakuumia vikali sana, lakini ikitolewa ndani ya saa 3. Wengine wanadai sindano yoyote, ili waone kitu kimefanyika. Angalisho! Mwaka 2004 uchunguzi wa wagonjwa zaidi ya 10,000 ulionyesha kwamba dawa za kortizoni, zilizotolewa miaka mingi kwa kichwa kilichoumia, ziliongeza vifo. Ubongo uliopigwa unataka kwanza hewa na damu ya kutosha.

Waganga wanapima fahamu kwa hesabu iliyotoka Glasgow mwaka 1974: macho, maneno, mwendo wa viungo. 15 ni muzima, 3 ni chini kabisa, 8 kushuka ni hatari kubwa. Ndugu wa mugonjwa anaweza kuuliza kwa heshima: «Munganga, iko ngapi sasa?» Ikishuka, wamuhamishe upesi.

Kofia ya pikipiki inapunguza vifo karibu 4 katika 10. Ile inayoning'inia kwenye usukani haipunguzi kitu.

Tena, aliyepona si lazima awe kama zamani mara moja. Anasahau, anakasirika bure, na jamaa wanaanza kutafuta mulozi. Kijana mwingine wetu alifikishwa mapema, akapasuliwa, akarudi. Miezi mingi alikaa nje ya mulango wakati wa kwaya, sababu ngoma ilimuumiza kichwa, na mama yake alimuletea kiti.