Trekta la Mayatima: Uliza Kabla ya Kuuza



Kaskazi ilipokuwa ikivuma na wakulima wa Matuga wakiwahi kulima kabla ya masika, tulikabidhiwa usimamizi wa mirathi ya ndugu yetu mmoja wa hapa Likoni, Mwenyezi Mungu amrehemu. Wazazi wake walikwisha kumtangulia. Aliacha mjane, watoto wanne, wavulana na wasichana, na trekta moja la Massey Ferguson lililokuwa likiwalisha. Mjane ana thumuni yake, na kilichobaki ni haki ya watoto. Kwa hiyo trekta lile lilikuwa amana ya mayatima.

Haukupita muda likaanza kuishiwa nguvu kazini. Asubuhi huingia shambani likiwa zima, likavuta jembe kwa karibu saa moja, kisha sauti hufifia, mwendo hupungua na mwisho huzima. Likipumzishwa huwaka tena kana kwamba halikuwa na neno. Fundi aliyeitwa alisikiliza kidogo akahukumu: pistoni na ringi zimekwisha, injini ifunguliwe yote. Fedha alizotaja hazikuwepo. Siku ya pili akatokea mnunuzi wa vyuma vikuukuu na bei yake mkononi. Nasi, tunakiri kosa letu mbele yenu, tulikaribia kumkubalia.

Tulikwenda kumpa habari mama wa watoto, naye yumo edani. Akatuuliza kutoka nyuma ya pazia: "Maalim, ringi zilizokwisha hupona zikipumzika?"

Tukanyamaza. Akauliza tena: "Na moshi wake ni wa rangi gani?"

Hatukujua, kwa sababu hatukuuliza. Akatwambia kuwa marehemu hakushika spana kabla ya kuutazama moshi.

Tukamwita dereva. Akasema moshi haukuwa mweusi wala wa buluu. Kijana mkubwa wa marehemu akaongeza kwamba siku za matanga kifuniko cha tangi la dizeli kilipotea, wakatafuta kingine na kukibana kwa kipande cha tyubu ili vumbi lisiingie. Mama akacheka kidogo, mara ya kwanza tangu msiba. "Basi mmeliziba pumzi."

Jambo hili ni jepesi kwa kila apikaye. Utoboe mkebe wa maziwa tundu moja tu: maziwa hutoka kidogo kisha husita, mpaka utoboe tundu la pili hewa ipate kuingia. Tangi nalo ni hivyo. Dizeli inapotoka, hewa lazima ishike mahali pake. Ikikosa njia, dizeli haifiki vyema kwenye pampu, na injini hufa njaa ilhali tangi limejaa. Ikizimwa, hewa hupenya polepole, ndipo ikawaka tena. Kesho yake, trekta lilipoanza kuchoka, dereva alilegeza kifuniko. Hewa ikaingia kwa mlio, na baada ya kitambo injini ikarudia sauti yake. Kilichonunuliwa ni kifuniko chenye tundu lake, basi.

Kwa nyumba yenye trekta, au hata jenereta ya dizeli, tunausia kuanza na yaliyo rahisi. Tazameni kifuniko cha tangi, kisha chujio la dizeli, na maji au taka zilizotuama chini ya tangi. Moshi ukiwa mweusi, anzeni na chujio la hewa, maana vumbi la kaskazi huliziba upesi. Lakini huenda pia kazi imezidi uwezo wa injini, au nozeli zimeharibika. Moshi wa buluu ni oili inayoungua, na hapo neno la fundi kuhusu ringi lina uzito. Injini ikinguruma kwa nguvu na trekta lisivute, ichunguzwe klachi. Joto likipanda, tazameni rejeta, wala msiifungue ingali moto.

Kadhi hahukumu kabla ya kusikia ushahidi, nasi tulitaka kuhukumu mali ya yatima kwa neno la mtu mmoja. Katika Suratun-Nisaa Mwenyezi Mungu ameonya vikali juu ya kula mali ya mayatima kwa dhuluma. Hatukukusudia kuila, lakini uzembe wa msimamizi nao huipoteza. Tena wako wadhanio kuwa mjane akiwa katika miezi yake minne na siku kumi hana la kushauri katika mali. Eda humzuia mapambo na kutoka bila ya dharura. Haimwondolei akili wala haki ya kuulizwa.

Trekta lilimaliza msimu, na ada za watoto zikalipwa. Mnunuzi wa vyuma alirudi mara moja, akalikuta limekwenda shambani.

Mwenyezi Mungu amrehemu marehemu, awakuze mayatima wake katika kheri, na atusamehe sisi tuliopewa amana tukafanya haraka. Amin.