Harufu ya Ndimu Iko Gandani

Namna ya kutengeneza juisi ya ndimu au limau inajulikana karibu kila nyumba: kata, kamua, chuja, tia maji, tia sukari, onja, ongeza sukari. Hiyo hatua ya mwisho ndiyo inayostahili kuchunguzwa, kwa sababu ndiyo hurudiwa mara nyingi kuliko zote. Jagi la lita moja lililotiwa maji ya malimau manne makubwa hubeba takriban mililita 160 za juisi tupu, na ili linyweke bila mtu kukunja uso linataka gramu 100 za sukari, pengine na zaidi, kiasi kinachokaribia kilichomo kwenye soda. Glasi moja ya mililita 250 hapo ina gramu 25. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba sukari huria isizidi asilimia 10 ya nishati anayopata mtu kwa siku, na kwamba ni bora zaidi ikishuka chini ya asilimia 5, yaani gramu 25 hivi kwa mtu mzima. Glasi moja tu imeimaliza posho ya siku nzima. Mara nyingi lawama huangukia tabia ya watu ya kupenda utamu. Mimi naona kosa liko kwenye utengenezaji wenyewe: tunaitafuta ladha ya ndimu ndani ya maji yake, ambamo haimo kwa wingi, na tunalitupa ganda ambalo ndilo limeibeba.

Ukali wa ndimu unatokana zaidi na asidi ya sitriki. Mkemia wa Uswidi, Carl Wilhelm Scheele, aliitenga kutoka kwenye maji ya limau mwaka 1784 ikawa chembechembe nyeupe, na anayezilamba hukutana na ukali mtupu usio na dalili yoyote ya tunda. Mwaka 1917 James Currie, huko Marekani, alionyesha kwamba kuvu aitwaye Aspergillus niger akilishwa sukari hutengeneza asidi hiyo hiyo kwa wingi, na leo sehemu kubwa ya asidi ya sitriki inayouzwa duniani hutoka kwenye matangi ya kuvu huyo, wala si kwenye mashamba ya malimau. Unga huo ukikorogwa na maji na sukari hutoa kinywaji kikali, kitamu, kisichokumbusha ndimu hata kidogo. Ndiyo maana wenye viwanda huongeza ladha juu yake, na ladha hiyo inapotoka kwenye tunda la kweli, hukamuliwa kutoka kwenye maganda. Kumbe kiwandani walishatenganisha mambo mawili ambayo jikoni bado tunayachukulia kuwa kitu kimoja.

Lishike ganda la ndimu karibu na dirisha ulitazame vizuri. Limejaa vidoadoa vinavyopitisha mwanga kidogo, na kila kidoa ni kifuko cha mafuta. Ukikunja kipande cha ganda mbele ya mwali wa mshumaa, vifuko hupasuka na vitone vyake huwaka hewani kwa cheche za ghafla. Katika mafuta ya ganda la limau, takriban theluthi mbili ni limonene, kemikali inayopatikana pia kwenye machungwa na machenza. Kinachofanya pua itambue kuwa hili ni limau, si chungwa, ni sitrali, ambayo katika mafuta hayo ni asilimia chache tu. Ushahidi ulio wazi zaidi umeota uani: mafuta ya mchaichai kwa sehemu kubwa ni sitrali, na ndiyo maana jani lile hunukia limau ingawa chai yake haina ukali wa limau. Harufu ya limau, basi, inaweza kuwepo pasipo ukali, kama ambavyo unga wa Scheele ni ukali usio na harufu. Wala harufu hiyo hainuswi kwa nje tu. Tunapomeza, mvuke wake hupanda kwa nyuma ya koo hadi puani, na ubongo huiandika kwenye hesabu ya ulimi. Anayetilia shaka abane pua, anywe funda moja, kisha aachie: kwanza ataonja ukali na utamu tu, na ndimu itakuja pua ikifunguka.

Sasa mtazame anayeonja jagi lake na kuona kwamba halina ladha ya kutosha. Anaongeza limau la tano. Limau hilo linaleta harufu kidogo, ile iliyotokea kuchuruzika kutoka kwenye ganda wakati wa kukamua, lakini linaleta asidi kwa ukamilifu wake. Juisi inakuwa kali mno, basi anaongeza sukari. Sukari haiui asidi. Kiwango cha asidi ndani ya jagi kinabaki karibu pale pale, na meno yanaipata yote. Kinachobadilika ni hisia, kwa kuwa ukali na utamu vikikutana kinywani kila kimoja humpunguzia mwenzake nguvu. Hivyo kinachotawala ni uwiano. Maji ya limau yana takriban gramu 5 za asidi katika kila mililita 100, kwa hiyo mililita 160 zina gramu 8, na gramu 100 za sukari ni mara kumi na mbili na nusu ya asidi hiyo. Wakulima na wanunuzi wa machungwa nao hupima uwiano wa sukari na asidi ili kujua kama tunda limeiva vya kutosha, kwa sababu utamu peke yake hauwaambii kitu. Tukikata juisi hadi mililita 80, asidi inakuwa gramu 4, na gramu 50 za sukari zinatosha kuutunza uwiano ule ule. Ulimi unapata mizani iliyokuwapo. Kilichopungua ni harufu, na harufu inaweza kurudishwa kutoka gandani bila kudai sukari yoyote.

Kuirudisha si kazi ngumu. Ganda lioshwe, kisha limenywe kwa kisu kikali ili ipatikane ile tabaka ya rangi peke yake, nyembamba kiasi cha kuonyesha mwanga. Kwa ndimu ndogo zenye ngozi laini ni rahisi zaidi kuzikwangua juu juu kwa upande wa matundu madogo wa kikwangulio. Maganda ya malimau mawili yawekwe kwenye bakuli pamoja na zile gramu 50 za sukari, yasuguliwe kwa mgongo wa kijiko cha mti kwa dakika chache, kisha yaachwe nusu saa au zaidi. Kona za chembe za sukari hupasua vifuko, sukari hufyonza unyevu, na mafuta hutanda juu ya kila chembe. Sukari iliyokuwa kavu inageuka kuwa na majimaji, yenye rangi hafifu ya kijani au manjano, na harufu yake inajaza chumba. Faida ya sukari hapa inazidi utamu, kwa kuwa mafuta yakidondoshwa peke yake kwenye maji huelea juu, lakini yaliyotandazwa kwenye chembe husambaa vizuri zaidi zinapoyeyuka. Hapo ndipo huongezwa juisi, maji safi ya baridi, na chujio hufanya kazi yake. Bakuli liwe la kioo, la plastiki au la chuma kisichoshika kutu. Sufuria ya alumini huliwa na asidi na kuachia ladha ya chuma. Wapo wanaopenda kuchemsha maganda, na jiko zima hunukia vizuri sana wanapofanya hivyo, lakini harufu inayojaa jikoni imeshatoka kwenye kinywaji.

Hoja ya kwanza dhidi ya haya yote ni uchungu, na ina msingi. Nyama nyeupe iliyo chini ya rangi ni chungu, mbegu ni chungu zaidi, na ndimu inakuja na hila nyingine. Ndani ya tunda zima kuna kemikali isiyo chungu ambayo, seli zikishavunjwa na ikakutana na asidi, hugeuka polepole kuwa chungu. Ndiyo maana juisi ya ndimu iliyosagwa nzima kwenye blenda huwa nzuri kwenye funda la kwanza, halafu baada ya muda mezani inakera koo. Dawa yake ni kutosaga mbegu kabisa na kutoshuka hadi kwenye weupe. Uchungu kidogo utakaobaki hupunguzwa na chembe chache za chumvi, chache kiasi kwamba hakuna atakayeonja chumvi. Mwaka 1997 Paul Breslin na Gary Beauchamp walionyesha katika jarida la Nature kwamba chumvi hukandamiza uchungu na kwa njia hiyo huuachia utamu nafasi ya kujitokeza.

Hoja ya pili ni nzito zaidi. Mtu anaweza kusema kwamba harufu ya limau tumeizoea pamoja na ukali tangu utotoni, kwa hiyo kuiongeza kutaifanya juisi ionekane kali zaidi na kudai sukari zaidi. Ni kweli kwamba ubongo hujifunza kuunganisha harufu na ladha. Mwaka 1999 Richard Stevenson na wenzake waliripoti kwamba harufu ya karameli, ambayo haina utamu wowote yenyewe, iliongeza utamu uliohisiwa kwenye maji ya sukari na kupunguza ukali uliohisiwa kwenye maji yenye asidi ya sitriki. Lakini jambo hilo linaiunga mkono hoja yangu. Ikiwa harufu ya limau inabeba sehemu ya kazi ya ukali, basi asidi inaweza kupunguzwa bila juisi kupooza, na asidi ikishuka, sukari inashuka pamoja nayo. Kwa mantiki hiyo hiyo, iliki kidogo ingefaa kujaribiwa: kwa watu waliolelewa kwa vitumbua na mandazi, harufu yake imeshikamana na utamu. Kubadilisha sukari kwa asali, kwa upande mwingine, hakutatui chochote. Shirika la Afya Duniani huhesabu asali, pamoja na sukari iliyo kwenye juisi za matunda, katika kundi lile lile la sukari huria.

Kuna wanaoogopa ganda kwa sababu ya dawa, na hawajakosea. Malimau yanayosafirishwa mbali mara nyingi hupakwa nta na dawa ya kuzuia kuvu ili yasioze njiani. Yanang'aa kupita kiasi. Kuyasugua kwa brashi na maji ya vuguvugu hupunguza mabaki hayo lakini hakuyamalizi, kwa hiyo tunda ambalo halijulikani lilikotoka ni afadhali litumiwe maji yake tu, na harufu itafutwe kwenye mchaichai. Ndimu za sokoni zilizochumwa karibu, zenye mabaka na ngozi isiyong'aa, ndizo zinazofaa kazi hii, nazo kwa kawaida ni za bei nafuu.

Kupunguza asidi kunazua wasiwasi mwingine, kwamba ndimu husafisha maji na tukiipunguza tunajihatarisha. Wasiwasi huu haukuzuka bure. Vijidudu vya kipindupindu haviwezi kustahimili asidi vizuri, na uchunguzi uliofanywa Guinea-Bissau wakati wa milipuko ya miaka ya 1990 ulihusisha kutia maji ya ndimu kwenye mchuzi na kinga dhidi ya ugonjwa huo. Ila jagi la juisi haliwezi kuchukuliwa kama mchuzi ule, na kipindupindu si ugonjwa pekee wa maji. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins walijaribu kuchanganya ndimu na mwanga wa jua katika kusafisha maji: bakteria aina ya E. coli walipungua haraka, lakini si virusi wote waliotumika katika jaribio hilo walioathirika hivyo. Maji ya juisi lazima yawe yamechemshwa au kutibiwa kabla, barafu nayo vivyo hivyo, iwe ndimu ni moja au ni kumi.

Barafu ina neno lake pia katika suala la sukari. Mwaka 2005 Karel Talavera na wenzake walieleza kwamba mfereji mmoja katika seli za ulimi zinazohisi utamu, uitwao TRPM5, hufanya kazi kwa nguvu zaidi joto likipanda. Juisi iliyo baridi huonekana haina sukari ya kutosha hata kama inayo, na baridi hiyo hiyo huzuia harufu isipande. Anayeonja juisi ya vuguvugu atapata kipimo kimoja, na anayeonja iliyojaa barafu atapata kingine. Kipimo cha haki ni kuonja ikiwa kwenye ubaridi ule itakaonywewa, na ubaridi wa wastani unatosha.

Swali linalobaki ni la wenye shughuli: je, inaweza kuandaliwa usiku kwa ajili ya wageni wa kesho au kesho kutwa? Sitrali haidumu kwenye asidi. Huvunjika taratibu na kuzaa kemikali nyingine zenye harufu isiyopendeza, na juisi ya siku mbili hupoteza ule upya wake hata ikiwa ndani ya friji. Hata hivyo, kinachoiharibu ni kukutana na asidi, na mkutano huo unaweza kuahirishwa. Sukari iliyosuguliwa na maganda ihifadhiwe peke yake kwenye chupa yenye kifuniko, mahali pa baridi, na ndimu zibaki nzima hadi wageni watakapofika.