Saa ni Halisi, Lakini Nani Ameikagua?

Katika karakana yangu hapana swali linaloulizwa mara nyingi kuliko hili: "Fundi, hebu nitazamie, saa hii ni orijino?" Muulizaji aghalabu ni mtu mwenye akili timamu na kazi yake ya heshima, aliyeagiza saa ya mashine kutoka China au Japani kwa njia ya simu yake, akaingoja kwa majuma kadhaa, na baada ya kuivaa siku chache akagundua kwamba inakimbia, au husimama usiku, au alama iliyo juu ya uso wake, kwenye tarakimu 12, haikutani na pembetatu ya pete ya nje, naye, badala ya kuuliza kasoro hiyo imetoka wapi na ni wajibu wa nani kuiondoa, anauliza kama jina lililoandikwa usoni ni la kweli au la kughushi. Nimelijibu swali hilo kwa upole muda mrefu. Leo nalijibu kwa maandishi, ili wajao baadaye waje na maswali mawili yenye faida zaidi: nani aliyeikagua saa hii kabla haijatiwa sandukuni, na nani atakayeipokea ikirudishwa?

Itikadi ya kwamba uhalisi ni dhamana ya ubora imekita mizizi kiasi cha kuwa wauzaji wenyewe wameifanya mtego. Tazama tangazo lolote la saa ya mashine ya bei nafuu, utaona limetanguliza maneno "mashine halisi ya Japani", na mnunuzi akiisha kuyasoma hana haja tena ya kusoma lolote. Maneno hayo aghalabu ni ya kweli, na hapo ndipo ilipo hatari yake. Mashine iitwayo NH35, ambayo imo ndani ya saa nyingi mno za bei hiyo, ni kazi ya Seiko, ambao huiuza kwa makampuni mengine makubwa na madogo, nayo huifunga ndani ya makasha yao na kuitia uso, akrabu na jina walipendalo. Na Miyota 8215, mashine ya jamaa wa Citizen, huuzwa kwa mtindo huo huo. Kwa hiyo makampuni mengi yasiyojuana, mengine yenye karakana safi na mafundi waangalifu, mengine yasiyo na zaidi ya meza na bisibisi, yote huweza kusema kwa haki kwamba mashine yao ni halisi. Jora moja la kitambaa kizuri likikatwa na kupewa washonaji wawili, kanzu mbili zitakazotoka hazitakuwa na sifa moja, wala hapana atakayemlaumu mfumaji kwa bega lililopinda.

Sasa na tutazame uhalisi huo wenyewe unaahidi nini. Mtengenezaji wa NH35 ametangaza bayana kwamba mashine yake, ipigayo mapigo 21,600 kwa saa moja, yaweza kuchelewa hadi sekunde 20 au kukimbia hadi sekunde 40 kwa siku, na bado ikahesabiwa kuwa nzima. Na ahadi ya Miyota 8215 ni hiyo hiyo. Piga hesabu. Sekunde 40 kwa siku ni dakika 20 kwa mwezi wa siku 30. Mtu akija kwangu na saa iliyokimbia dakika 20 kwa mwezi, akalalamika kwamba ameuziwa kitu ghushi, itanibidi nimwambie kwamba alichouziwa ni halisi, kinatenda kama kilivyoahidiwa, na kwamba ahadi hiyo ilikuwa wazi kwa yeyote anayetaka kuisoma. Kinyume chake ni kweli pia: saa ya kughushi yaweza kwenda sawa mwaka mzima, maana kamani na magurudumu hayajui jina lililopigwa chapa juu yake. Sisemi kwamba kughushi ni jambo dogo. Ni wizi, na saa ya kughushi haina dhamana wala uhakika wa vipuri. Nasema kwamba uhalisi hujibu swali moja tu, na kasoro zinazoletwa mezani pangu hutokana na maswali mengine.

Ithibati kubwa ya jambo hili imo katika saa za Uswisi, ambazo watu huzitaja kama kwamba usahihi ni tabia ya hewa ya nchi ile. Iko huko taasisi iitwayo COSC, ambayo huzipokea mashine za saa moja moja, huzipima kwa muda wa siku 15, katika mikao mitano na katika halijoto tatu, za nyuzi 8, 23 na 38, na haitoi cheti ila kwa mashine ambayo wastani wa mwendo wake kwa siku hauzidi sekunde 4 za kuchelewa wala sekunde 6 za kukimbia. Mashine za aina moja, za kiwanda kimoja, huweza kuuzwa nyingine zikiwa na cheti hicho na nyingine bila ya cheti, zote zikiwa halisi bila shaka yoyote. Na mwenye kutaka iliyo na cheti hulipa zaidi. Hiyo ziada analipia nini? Analipia kazi ya kurekebishwa na kupimwa. Ukaguzi una bei yake, na penye bei ndogo ndio kitu cha kwanza kupunguzwa, kwa kuwa mnunuzi hauoni katika picha.

Hivi karibuni niliziweka mezani saa mbili za wauzaji wawili mbalimbali, zote mpya, zote zina NH35 ambayo nimeihakiki kwa macho yangu. Nilizitia ufunguo zikajaa, nikazilaza uso juu katika kipima mwendo, chombo chenye kisikilizi kinachonasa mapigo na kuyaandika. Ya kwanza ilionyesha kukimbia kwa sekunde 6 kwa siku, gurudumu la mizani likizunguka digrii 285 kila upande, na tofauti kati ya pigo la kwenda na la kurudi ikiwa milisekunde 0.2, akrabu zake zilikutana barabara kwenye 12, na kioo chake kilikuwa safi. Ya pili ilionyesha kukimbia kwa sekunde 38, gurudumu likifika digrii 230 tu, na tofauti ya pigo na pigo ikiwa milisekunde 1.9, nilipoisimamisha, kichwa cha kutilia ufunguo kikiwa chini, mwendo ukageuka mara moja ukawa wa kuchelewa, na chini ya kioo, karibu na tarakimu 4, palikuwa na uzi mweupe wa pamba usioweza kuingia hapo ila kasha lilipokuwa wazi. Muuzaji wa kwanza alimweka mtu mwenye kipima mwendo na brashi baina ya fundi na sanduku. Wa pili alimwachia mnunuzi kazi hiyo ya ukaguzi, tena bila ya kumwambia.

Kabla sijaendelea, naomba mtu asinijie na habari ya kuigonga saa kiganjani, wala kuifukia katika mchele, wala kuifungua kwa kisu ili kusukuma kijiti chenye alama za kuongeza na kupunguza kama alivyoona katika video. Vijiti ni viwili, vimekaa karibu karibu. Kimoja huongoza kasi na kingine huongoza usawa wa mapigo, na asiyevitambua husukuma kisicho chake, kisha sindano anayosukumia ikateleza na kuipinda kamani nyembamba ya gurudumu la mizani. Saa iliyokimbia ghafla kwa dakika kadhaa kwa siku aghalabu imeshikwa na sumaku, iliyotoka katika kipaza sauti, kifuniko cha tabuleti au kifungo cha mkoba: mizunguko ya kamani hiyo hushikana, ikawa kama imefupishwa, na mwendo ukazidi. Chombo cha kuondoa sumaku huifanya kazi hiyo kwa sekunde chache, na kasha halifunguliwi. Ama saa isimamayo usiku, mwenyewe aketiye ofisini kutwa hakuijaza: NH35 iliyojaa hukaa saa 41 hivi, lakini hujazwa na mwendo wa mkono, na ile inayovaliwa na mkono usiotembea haijai. Mambo haya mawili, sumaku na kamani isiyojaa, yamewafanya watu wengi wawatukane wauzaji wasio na hatia, na kuwanyima sauti wale wenye malalamiko ya haki.

Huduma baada ya mauzo ndiyo nusu ya pili ya saa, nayo pia haimo katika picha. Mnunuzi wa Mombasa au Dar es Salaam analindwa na sheria za kwao, ya mwaka 2012 kwa Kenya na ya 2003 kwa Tanzania, lakini muuzaji aliyeko ng'ambo si rahisi kumfikisha mbele ya sheria hizo, na gharama ya kuirudisha saa kwa posta yaweza kukaribia thamani yake. Muuzaji anayajua hayo. Ndiyo maana ukimwandikia kwamba "saa haiendi vizuri" atakujibu kwamba imo ndani ya kiwango, au atakuahidi kulichunguza jambo hilo mpaka muda wa kudai upite, au atakupa sehemu ndogo ya fedha kwa sharti kwamba uyafunge malalamiko. Maneno matupu hujibiwa kwa maneno matupu. Vipimo, picha na tarehe havijibiwi hivyo.

Basi shika haya. Kabla ya kulipa, muulize muuzaji kwa maandishi: kiwango chake ni kile cha kiwanda cha mashine au chake mwenyewe, atakupigia video ya saa ile ile utakayoletewa ikiwa juu ya kipima mwendo, nani atalipa posta ya kurudisha, ni siku ngapi za kudai. Asiyejibu, mwache. Lipa kwa njia inayoshikilia fedha mpaka mzigo ufike. Ukifika, ufungue huku ukipiga video. Tazama uso, akrabu, pete na vumbi kwa kioo cha kukuzia. Zungusha kichwa cha kutilia ufunguo mara 50 hivi, linganisha saa na simu, kisha linganisha tena baada ya masaa 24, na urudie kwa siku kadhaa ukiandika. Usiibadilishe tarehe kwa mkono baina ya saa tatu usiku na saa tisa usiku, magurudumu ya tarehe yakiwa yameshikana. Usiogelee na saa iliyoandikwa mita 30. Mwendo ukizidi kiwango, ondoa sumaku kwanza, pima tena, ndipo udai, kwa tarakimu, kabla muda haujaisha, wala usifunge malalamiko kabla ya kupata ulichoahidiwa. Usilifungue kasha maadamu dhamana ingalipo. Saa ikiwa ndani ya kiwango lakini haikuridhishi, mpe fundi aliyeko karibu nawe airekebishe dhamana ikiisha. Ni kazi fupi. Na mashine ikiwa imeharibika na muuzaji amenyamaza, jua kwamba NH35 mpya nzima aghalabu ni rahisi kuliko kuifumua ya zamani, kuisafisha na kuitia mafuta, na fundi yeyote anayeijua kazi yake ataibadilisha. Gharama hiyo ihesabu tangu siku ya kununua, uiongeze juu ya bei ya tangazo, kisha ulinganishe jumla hiyo na bei ya muuzaji anayekagua saa zake na kuzipokea zikirudi. Mara nyingi utaona kwamba yule wa bei ya juu ndiye aliyekuwa rahisi.