Jiwe Nyuma ya Gurudumu Si Breki

Yapo magari mengi mitaani mwetu ambayo wenyewe huliamini jiwe kuliko breki ya mkono. Dereva akifika nyumbani huvuta hendibreki kwa mazoea tu, kisha humtuma mtoto alete jiwe na kuliweka nyuma ya gurudumu. Jiwe likishazoeleka, hakuna tena anayeuliza kwa nini gari lenye breki linategemea jiwe.

Jirani yetu mmoja wa Kimara, Dar es Salaam, alikuwa na gari la namna hiyo. Nyumba yake imo mteremkoni, kama zilivyo nyingi za upande ule. Alasiri moja watoto walitafuta mawe mawili ya kuwekea goli. La kwanza walilipata kando ya njia. La pili walilichukua nyuma ya gurudumu. Gari halikuondoka papo hapo. Lilikaa kitambo, kisha likaanza kurudi nyuma polepole, bila mngurumo, hadi lilipougonga ukuta wa uzio. Mlinda mlango alikuwa amesimama mbele ya ukuta huo. Wakati ule alikuwa amekwenda kuufuata mpira. Alhamdulillahi, kilichovunjika ni taa moja na matofali machache.

Lililotushangaza ni kwamba waya wa hendibreki ile ulikuwa umekazwa mara mbili katika mwaka huo huo. Tulifuatana na jirani yetu hadi kwa fundi mwingine, mtu mzima asiye na haraka. Alilitazama gari, akasema: “Mzee, waya huu hauna kosa. Ugonjwa umo ndani ya gurudumu, nanyi mmekuwa mkiukandia nje.”

Maneno hayo yanahitaji kufafanuliwa. Katika magari mengi madogo, breki za nyuma ni za ngoma. Ndani ya ngoma hiyo ya chuma kuna vipande viwili vilivyopinda kama mwezi mchanga, navyo huitwa viatu vya breki. Tukikanyaga pedali, mafuta ya breki huvisukuma viatu hivyo vitanuke na kuibana ngoma. Tukivuta hendibreki, viatu vile vile hutanuliwa kwa waya. Kwa hiyo viatu vikilika, nafasi kati yake na ngoma huongezeka: pedali huzama zaidi na mkono wa hendibreki hupanda juu zaidi.

Kuna kirekebishi kidogo chenye meno ambacho mafundi hukiita adjasta. Kazi yake ni kuifidia nafasi hiyo kidogo kidogo. Lakini vumbi na kutu hukigandisha, hasa katika miji yetu ya pwani yenye hewa ya chumvi. Anayekaza waya wakati adjasta imeganda huficha dalili tu. Mkono hushuka, dereva hufurahi, na viatu huendelea kulika. Tena waya uliokazwa kupita kiasi unaweza kuizuia adjasta isifanye kazi yake hata ikiwa nzima.

Basi utaratibu sahihi huanzia ndani na kuishia nje. Fundi wetu aliliweka gari mahali tambarare, akazuia magurudumu ya mbele, akashusha hendibreki, akainua nyuma kwa jeki, kisha akaliegemeza gari juu ya stendi imara. Jeki ni ya kuinulia. Haifai mtu kuingia chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake. Alilegeza kwanza nati ya waya, akafungua ngoma na kufuta vumbi kwa kitambaa chenye maji. Hakulipuliza, kwa kuwa vumbi la breki hudhuru mapafu. Alikagua unene wa viatu, akatazama kama mafuta yanavuja kwenye silinda ndogo ya gurudumu. Kiatu kilicholowa mafuta hubadilishwa, na silinda inayovuja hutengenezwa kwanza. Viatu hubadilishwa pande zote mbili kwa pamoja, ili gari lisivute upande mmoja.

Baada ya kuisafisha adjasta na kuirudisha ngoma, aliizungusha adjasta kwa bisibisi kupitia tundu dogo lililo nyuma ya gurudumu, mpaka gurudumu likakataa kuzunguka. Kisha akairudisha nyuma jino kwa jino, hadi gurudumu likazunguka kwa uhuru. Alifanya vivyo hivyo upande wa pili na kukanyaga pedali mara kadhaa. Hapo ndipo alipougusa waya. Aliukaza hadi mkono ulipobana baada ya milio michache. Katika magari mengi madogo milio hiyo huwa kati ya 5 na 9, na kitabu cha gari hutaja idadi kamili. Mwisho aliushusha mkono na kuyazungusha magurudumu yote mawili. Gurudumu linaloendelea kukwaruza kwa nguvu huchemka barabarani, hutoa harufu ya kuungua na kula viatu upesi.

Baadhi ya magari yana diski nyuma, na hendibreki yake hufanya kazi kwa njia nyingine. Mwenye gari la aina hiyo asifuate maelezo haya neno kwa neno. Asiye na vifaa wala uzoefu naye ampelekee fundi, ila amwulize swali moja: “Umefungua ngoma, au umekaza waya tu?”

Wenye magari ya gia otomatiki nao wasijidanganye kwa herufi P. Kinacholishikilia gari hapo ni kipande kidogo cha chuma ndani ya giaboksi. Mteremkoni, tukiwa bado tumekanyaga breki, tuweke gia N, tuvute hendibreki, tuachie pedali kidogo hadi gari litulie, ndipo tuweke P. Kwa njia hiyo uzito hubebwa na breki. Hendibreki isiyotumika kabisa nayo huharibika, kwa sababu waya wake hushika kutu.

Jirani yetu bado huweka jiwe akiegesha mteremkoni, nasi hatumlaumu, kwani tahadhari ya pili haina ubaya. Tofauti ni kwamba sasa gari husimama kwanza, jiwe likafuata. Watoto wameambiwa wasiliguse tena. Lakini mtoto husahau, na uhai wake haupasi kutegemea kumbukumbu yake.