Kitabu cha kurasa 100 kinapogoma: sahihisha kwenye chanzo, siyo kwenye ukurasa

Leo naongea na nyie mnaoumiza kichwa na kazi ndefu za InDesign: ripoti ya mwaka ya SACCOS, kitabu cha mahafali, orodha ya wanachama. Kipeperushi cha ukurasa mmoja unaweza kukilipua kwa mkono na mteja akaondoka anacheka. Kurasa 100 ni kasheshe nyingine. Ukirekebisha kitu kwa mkono juu ya ukurasa, ujue siku chanzo chake kikibadilika, kazi yako yote inafutika.

Nianze na namba, maana ndizo zinazoliza watu. Kuna chama kimoja cha akiba na mikopo (jina naliacha) kilileta orodha ya wanachama: jina, simu, namba ya NIDA. Kila simu inaanza na 7 badala ya 07, na kila namba ya NIDA inaishia na sifuri tano. Kijana aliyekuwa na kazi ile kabla yangu alishaanza kuchapa sifuri za simu moja moja ukurasani, kafika ukurasa wa 30! Jasho lote lile la bure.

Tatizo halikuwa InDesign hata kidogo. Lilikuwa Excel. Excel ikiona tarakimu tupu inadhani ni kiasi, kama vile kilo au shilingi, na kiasi hakianzi na sifuri, kwa hiyo inaitupa. Halafu haihifadhi zaidi ya tarakimu 15. Namba ya NIDA ina tarakimu 20. Tano za mwisho zinageuzwa sifuri, kimya kimya, bila onyo lolote. Ukiiandika na vistari vyake katikati inasalimika, kwa sababu hapo Excel inaiona kama maandishi.

Sasa tofautisha. Sifuri ya simu inarudishika, maana unajua ilipaswa kuwepo. Zile tano za NIDA zimekwenda, hakuna fomula ya kuzirudisha. Lazima urudi kwenye fomu za karatasi. Na kwenye chama chenye akina Juma Hamisi wanne, hiyo namba ndiyo inayosema akiba ni ya nani. Usimfiche mteja. Mwambie kabla hamjachapa nakala hata moja.

Kinga yake ni rahisi. Kabla ya kuandika chochote, chagua safu nzima, bofya kulia, ingia "Format Cells", weka "Text". Andika, kisha sevu kama CSV. Ukitaka kuhakikisha, ifungue hiyo CSV kwa Notepad. Usiibofye mara mbili ikafunguka kwenye Excel, kwa sababu Excel itazisoma tarakimu upya kama kiasi, na ukisevu wakati wa kutoka ndiyo basi tena. Tangu 2023 matoleo mapya ya Excel yana sehemu ya kuzima tabia hii, lakini kompyuta nyingi za kafe zina matoleo ya zamani, kwa hiyo zoea Notepad. Jambo jingine: anwani yenye mkato ndani yake, mfano Mbagala, Dar es Salaam, ukiiandika mwenyewe kwenye Notepad ifunge kwa alama za nukuu. Bila hivyo itajigawa safu mbili na mstari wote utahama.

Upande wa InDesign, ukitumia "Data Merge" unapata dokumenti mpya iliyojazwa majina yote. Hiyo dokumenti mpya haina tena uhusiano na CSV. Ndiyo maana yule kijana angeumia mara mbili: mteja akileta wanachama wapya 12, unaunganisha upya na masahihisho yako yote kwaheri. Sahihisha CSV, rudi kwenye kiolezo, bofya "Update Data Source", unganisha upya.

Jedwali la Excel ulilolileta likiwa na kiungo nalo lina ujanja wake. Ukiona pembetatu ya njano kwenye paneli ya "Links", chanzo kimebadilika. Ukikubali kusasisha, rangi na mapambo uliyoyaweka kwa mkono yanafutika. Tumia staili za jedwali, utalivisha upya kwa dakika moja.

Picha sitazitolea hotuba. Zote ziwe folda moja na dokumenti, na ukienda kwa mchapaji tumia "Package", isiwe kubeba faili la InDesign peke yake kwenye flashi. Alama nyekundu ya kuuliza ina maana picha haionekani ilipo, na ukichapa hivyo hivyo inatoka imechuja, vile vimraba vinavyochekesha kila mtu isipokuwa mwenye kitabu.

Haya, maandishi. Ukiona alama ya kujumlisha pembeni ya jina la staili ya aya, kuna mtu kagusa kitu kwa mkono. Shikilia Alt, bofya jina la staili, inasafishika. Lakini ngoja kwanza! Italiki za majina ya vitabu nazo zitaondoka. Kabla ya kusafisha, zitafute kwa "Find/Change" uzipe staili ya herufi, halafu ndiyo ufagie.

Na acheni kupiga Enter kumi ili kichwa kishuke ukurasa unaofuata. Mteja akifuta aya moja huko nyuma, vichwa vyote vinacheza. Kwenye staili ya kichwa, sehemu ya "Keep Options", kuna chaguo la kukianzisha ukurasa mpya. Faida nyingine: yaliyomo hutengenezwa kutokana na staili. Kichwa ulichokinenepesha kwa mkono hakitaonekana kwenye yaliyomo hata ukisasisha mpaka kesho. Mwisho wa kila sura angalia pia kama fremu ina alama nyekundu ya kujumlisha. Hapo kuna maneno yamefichika, na mchapaji hatayaona.

Faili likianza kujifunga lenyewe bila sababu, usianze kulia. Lisevu kama IDML (ipo tangu toleo la CS4 la mwaka 2008), fungua hiyo IDML, kisha uisevu kwa jina jipya. Mara nyingi uchafu uliojificha unabaki kwenye lile la zamani.